Mafuta Kwenye Rimu

Kila jioni Chiriku alipotoka shule, alivua sare, akachota maji ndoo moja, akaipindua baiskeli ya mama yake uani, magurudumu juu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Asipopata mtu wa kuongea naye, aliongea na baiskeli.

Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati. Wanawake waliojifungua wakisharudi nyumbani, yeye aliwafuata huko huko kuwaangalia wao na vichanga vyao. Wengi waliishi mlimani, kwenye njia za mawe ambako gari halifiki. Ndiyo maana zahanati ilimpa baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana na gia nyingi.

Namna ya kuitunza alimfundisha mama mwenyewe. Kwanza maji na sabuni, matope yote yatoke. Halafu mswaki mkuukuu wa kusugulia mnyororo na meno ya gia. Ikishakauka, mafuta, tone moja moja kwenye mnyororo tu, na yanayozidi yafutwe kwa kitambaa cha peke yake. Mwisho kabisa, breki: unabana, unaisukuma baiskeli, unatazama kama magurudumu yanagoma kuzunguka.

Wiki hiyo mvua ilinyesha mfululizo, na baiskeli ilirudi kila siku imevaa matope kama soksi. Alhamisi, Chiriku alikuwa bado anasugua mnyororo aliposikia wenzake wakimwita nje ya ua.

"Chiriku! Mwalimu ameshafika uwanjani! Anachagua timu sasa hivi!"

Mpira wa pete ndio uliokuwa ukimnyima usingizi mwezi mzima. Akanyakua chupa ya mafuta, akaiinamisha. Badala ya matone, yakamwagika kama uji. Yakatiririka kwenye mnyororo, yakarukia rimu ya nyuma, pale breki zinapobana, na raba zenyewe za breki. Akayaona. Kitambaa safi kilikuwa ndani, naye hakutaka kuingia ndani. Kwa kitambaa kile kile chenye mafuta akapangusa fremu, akapangusa magurudumu yote mawili, mbio mbio. Baiskeli ikang'aa kama imetoka dukani. Akatimua.

Alichaguliwa. Alirudi nyumbani akirukaruka, na walipokuwa mezani alisimulia mpaka chakula chake kikapoa. Mama akacheka, kisha akauliza, "Na breki umezikagua? Kesho naanza mapema, kuna mzazi kule juu, amejifungua juzi, ana homa."

Kijiko cha Chiriku kikasimama hewani. Nje mvua ilikuwa imeanza tena.

"Ndiyo, mama," akasema. "Zote mbili zinakamata."

Kesho yake, kipindi cha tatu, aliitwa nje ya darasa. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuivua.

"Mama yako ameanguka mteremkoni," alisema. "Yu hai. Twende."

Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati yake mwenyewe. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na kidevu kilikuwa kimeshonwa. Njia ya kwenda kwa mzazi hushuka kwanza bondeni; hapo alikuwa amebana breki, akabana tena, baiskeli ikazidi kukimbia mpaka ikamtupa mtaroni. Yule mzazi mwenye homa alisubiri hadi mchana ndipo mkunga mwingine akamfikia, akamkuta hali mbaya, ikabidi abebwe kwa machela hadi chini. Kwa bahati alipona.

Chiriku alisimama kando ya kitanda. Akamnyooshea mama shuka miguuni, akiyakwepa macho yake.

Baba alihitaji mtu wa kumlaumu, na hakumtafuta mbali. Siku mbili kabla ya ajali, raba za breki zilikuwa zimebadilishwa na fundi baiskeli waliyemwita Spoki. Alikuwa mwembamba hata mwenyewe alisema siku za upepo hushikilia baiskeli za wateja asipeperuke. Jioni hiyo hiyo Baba alimsukumia baiskeli hadi kibandani kwake, Chiriku nyuma yake.

"Umemfungia mke wangu raba mbovu!" alifoka mbele ya wateja. "Nusura umuue!"

Siku hiyo Spoki hakutania. Alizungusha gurudumu, akabana breki, gurudumu likaendelea kuzunguka. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Hapa pana mafuta," alisema taratibu. "Nani huisafisha?"

"Usitafute pa kujificha!"

Spoki akamgeukia Chiriku. "Binti, si wewe?"

"Mafuta natia kwenye mnyororo tu," Chiriku akajibu. "Kwenye rimu hayafiki."

Sauti ilitoka safi, haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Habari zikasambaa. Jumamosi mganga mkuu wa zahanati alituma watu wakachukua baiskeli nne nyingine za wakunga zilizokuwa zikisubiri matengenezo kwa Spoki. Chiriku alipotumwa dukani alipita mbele ya kibanda. Siku zote Spoki alimwita, "We redio, leo betri zimeisha?" Safari hii alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono mapajani, mbele yake hakuna baiskeli hata moja. Alimwona, akauliza kwa upole, "Mama anaendeleaje?"

Afadhali angemtukana. Chiriku alijibu "Vizuri," akaondoka bila kuangalia nyuma, na dukani akasahau alichotumwa.

Jumapili mama alikuwa amerudishwa nyumbani. Chiriku alikuwa akimsaidia kunywa chai, maana mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani. Sebuleni cherehani ya baba ilikuwa ikinguruma.

"Nimewaza sana kuhusu Spoki," mama alisema. "Miaka sita ananitengenezea, hajawahi kunifanyia kazi ya ovyo. Labda kosa ni langu. Nilikuwa nawaza homa ya yule mzazi, pengine nilishuka kwa kasi mno. Nikipata nguvu nitakwenda kumwomba radhi."

Chiriku akakiweka kikombe chini.

"Mama, usiombe radhi," alisema. "Ni mimi. Niliyamwaga mafuta, nikayapaka magurudumu yote kwa kitambaa kile kile. Breki sikuzikagua. Nilikudanganya. Na Spoki nikamdanganya."

Cherehani ikanyamaza. Baba akatokea mlangoni, uzi umemng'ang'ania shatini.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama binti yake mpaka Chiriku akatamani apigiwe kelele. Baba ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemdhalilisha mtu wa watu mbele ya wateja wake. Hata kusikiliza sikumsikiliza."

"Kesho tutakwenda," mama akasema. "Sote watatu. Lakini atakayesema ni wewe, Chiriku. Kwa Spoki, na kwa mganga mkuu."

Jumatatu alasiri, saa ya mazoezi ya mpira wa pete, Chiriku alisimama kibandani, ameshika baiskeli ya mama, mbele ya Spoki, wateja wawili na mpita njia aliyeamua kusikiliza. Alisema yote. Alipomaliza, baba akaomba radhi pia, naye aliomba kwa sauti ile ile ya siku aliyofoka.

Spoki aliitazama mikono yake. "Siku tatu nimekuwa nikijiuliza kama mikono yangu imeanza kunisaliti," alisema. "Usiku silali, nazihesabu nati nilizofunga. Hilo limeniuma kuliko kukosa kazi." Kisha akainua kopo na kipande cha msasa. "Njoo, ukamate hii spiriti."

Wakasugua rimu kwa ile spiriti inayokata mafuta mpaka kitambaa kikatoka bila doa. Raba akamfundisha kuzikwangua kwa msasa hadi utelezi ukaisha. Kwa mganga mkuu walikwenda wote, na kabla jua halijazama zile baiskeli nne zilikuwa zimerudi kibandani. Spoki alizipokea bila tabasamu. Lakini alipoagana nao alimwambia Chiriku, "Jumamosi uje unisaidie kuziosha. Nitakusimamia."

Walirudi nyumbani polepole, mama akitembea kwa hatua fupi, Chiriku akisukuma baiskeli. Kwa kukosa mazoezi, nafasi yake kwenye timu ilikuwa imeshapewa mwingine siku hiyo. Hakulalamika.

"Mama, bado una hasira?"

"Ninayo. Itaisha." Mama akapumua. "Mafuta hata mimi nimeshayamwaga, mwanangu. Mtu akiwa na haraka hukosea. Lakini jioni ile nilipokuuliza, nilikuwa tayari kusikia 'hapana'. Ungeniambia hukuzikagua, ningezikagua mimi, au ningekwenda kwa miguu. Ningechelewa, basi. Yule mzazi ningemfikia, na Spoki angelala usingizi wake. Siku nyingine ukiulizwa, sema ulichofanya na usichofanya, hata kama kitakuaibisha. Kuna mtu anaanza safari yake akitegemea jibu lako."

Njia ilianza kuteremka. Chiriku akabana breki zote mbili, na baiskeli ikasimama tuli. Akamngoja mama yake amfikie.