Niliuza Picha ya Baba Mkwe Akiwa Mtoto

Nina miaka hamsini na nne, naishi Mutoshi, karibu na Kolwezi. Sijui niseme nina mume au ni mjane... Mlango ukigongwa mchana, hadi leo sifungui kabla ya kuchungulia dirishani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walikuwa wakifukuzwa huku kwetu na kurundikwa stesheni wasubiri treni ya kuwarudisha kwao. Baba wa mume wangu Félicien alitoka Kasai, mama yake ni wa huku huku. Tulipohamia Mutoshi, Félicien alitumia jina la upande wa mama. Siri hiyo niliijua mimi tu... mimi na sanduku letu!

Humo mlikuwa na picha ya kale, ya karatasi ngumu: baba mkwe akiwa na miaka kama sita, amesimamishwa juu ya kiti, peku, kofia imemzidi kichwa. Nyuma, karani wa kambi ya wachimbaji aliandika jina lake na kijiji chake cha Kasai. Félicien alinikataza kuitoa.

Mishahara ilikoma, nami nina mimba ya miezi minane. Nikasikia mpiga picha mmoja mjini ananunua picha za zamani za watoto, kwa ajili ya Wazungu wanaozikusanya. Nikaichukua kwa siri. Nilijiona mjanja: nyuma nikabandika gazeti kwa uji wa bukari, ugali wetu, ili kuficha maandishi.

Yule bwana akalilowesha gazeti, akalibandua taratibu. Akasema maandishi ndiyo wanayoyapenda zaidi. Kisha akauliza mtoto huyu ni nani kwangu.

"Ni tata ya bwana yangu," nikamtaja baba wa mume wangu, tena kwa majivuno. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu!

Siku ya tatu, saa sita mchana, vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai walijaa mlangoni. Walimwita Félicien kwa jina lililoandikwa nyuma ya picha.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, akiniita kama kila siku: "Mama, uliuzisha ile foto?"

Wakamtoa peku.

Nilimpelekea bukari stesheni wiki mbili. Treni iliondoka naye siku niliyojifungua. Sijasikia habari zake tena.

Ndugu zangu, njaa ikiwabana uzeni sufuria, uzeni hata kitanda. Sura ya mtoto wa ukoo wenu msiiuze! Félicien na yule mtoto walikuwa sura moja. Leo mgeni wa mbali anaitazama ukutani kwake, na mwanangu hajaiona hata mara moja.

Kila mara mwanangu huniuliza baba yake alifananaje. Haya yote nimewaambia ninyi kwanza, yeye bado... Naogopa ataniuliza swali lile lile la baba yake.