Marehemu Mke wa Yaw

"Sanatu, uko hai?"

Hivyo ndivyo mama yangu alivyonisalimu kwa simu kutoka Tamale, Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni kwangu Kumasi, nakaanga mayai.

"Niko hai, Mama. Kwani vipi?"

"Basi kaa chini. Wamekuja watu hapa, wamevaa nyeusi na nyekundu. Wameleta katoni za maji na kitambaa. Wananipa pole kwa kifo chako."

Nikazima jiko kwanza. Mayai yakiungua hayafai tena.

Mama akanieleza taratibu, maana yeye si mtu wa kupaparika. Wageni walijitambulisha kuwa wamesoma na mkwe wake, Yaw, shule moja ya bweni, darasa moja. Kwao mwenzao akifiwa na mzazi, mke, mume au mtoto, lazima baadhi yao wafunge safari mpaka kwao marehemu, hata kama ni mbali. Waliomba radhi kwa kuchelewa. Yaw hakuwatangazia msiba, walisikia kwa mwenzao mmoja anaitwa Dzifa, naye aliambiwa na Yaw mwenyewe. Hawakushangaa kukosa kualikwa mazishini. Marehemu alikuwa Mwislamu, akazikwa siku hiyo hiyo.

"Nimekufa na nini?" nikauliza.

"Presha."

"Na wewe ukawajibu nini?"

"Sikuwajibu kitu. Jana tumeongea mimi na wewe, leo mtu ananiambia umekufa tangu Ramadhani. Mtu kama huyo unamwacha amalize. Nikawakaribisha, wakaniombea, wakaenda zao. Wanasema Jumamosi wana mkutano wao mkubwa pale shuleni, na wewe utatajwa kwa heshima. Wamenialika."

Huyo Dzifa nilimfahamu kwa kusikia. Walikuwa wapenzi shuleni, Yaw aliniambia mwenyewe zamani tukiwa wachumba, akicheka, akisema ulikuwa utoto. Mwaka jana Dzifa alifiwa na mumewe huko Kanada akarudi Ghana. Tangu hapo simu ya Yaw ilikuwa inalala kifudifudi mezani. Niliona, nikajisemea yatapita. Mwanamke ukishaolewa miaka kumi na moja unajifunza kusema yatapita.

Tangu mwanzo mama hakumtaka kabisa Yaw, mtu wa kusini. Yaw akasilimu, akaitwa Yakubu, akakaa kwenye mkeka mbele ya wajomba zangu mpaka magoti yakamuuma. Nilimpenda kwa ajili ya magoti yale. Niligombana na ukoo mzima kwa sababu yake.

Jioni nikampakulia chakula, akala vizuri. Nikamuuliza habari za Jumamosi.

"Mwaka huu ni sisi wenyewe tu," akasema. "Wake na waume hawaji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ungechoka bure, Sanatu. Tutakaa tu tunakumbushana adhabu za walimu."

Nikasema sawa. Ijumaa nikampigia pasi shati lake lililoshonwa kwa kitambaa cha mkutano, nikalitundika mlangoni.

Mama akapiga tena. Akaniuliza nina mpango gani.

"Nitaenda," nikamwambia. "Nitakaa nyuma. Jina langu likitajwa, Yaw akisimama akasema si kweli, mke wangu yupo nyumbani, nitamsamehe. Nitafoka mwezi mzima, lakini nitamsamehe."

"Na akinyamaza?"

"Akinyamaza nitajua la kufanya."

 Mama akasema, "Vaa vizuri. Usiende umekaa kama maiti."

Nilivaa gauni la kijani na mtandio wa hariri. Nilipoingia kwenye ukumbi wa shule yao, kila mtu alikuwa na mkewe au mumewe. Wengine walileta mpaka mama wakwe. Nikakaa safu ya mwisho, karibu na masufuria ya wali, pembeni ya mama mmoja mnene mwenye maneno. Akaniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamwambia nimekuja kwa niaba ya mama yangu, yeye ndiye aliyealikwa. Hakuuliza zaidi, alikuwa na yake ya kusema.

"Unamwona yule kaka pale mbele? Yaw. Maskini, kafiwa na mkewe. Yule aliyekaa naye ni Dzifa, naye mjane. Walipendana hapa hapa shuleni. Mungu akitaka, mwaka huu haupiti tutacheza harusi."

"Watapendeza," nikasema.

Nikamtumia Yaw ujumbe: "Umefika salama?"

Nikamwona anatoa simu, anasoma chini ya meza. Akajibu: "Nimefika. Tumebaki wanaume tu tunapiga soga. Nimekumisi."

Mkono wa Dzifa ulikuwa kwenye kiti cha Yaw, nyuma ya mgongo wake.

Baadaye mwenyekiti wao, bwana mmoja anaitwa Barnieh, akaomba watu wote wasimame. Enzi zao alikuwa kiranja, na kila usiku kabla ya kulala aliita majina bwenini, mtu akiitwa anaitikia "Nipo." Sasa huita hivyo hivyo majina ya waliofariki. Jina linaitwa, panakuwa kimya, halafu anagonga kengele mara moja. Akaanza na wenzao waliosoma nao. Watu wakalia kweli. Mama mnene naye akalia, nikampa karatasi ya kujifutia.

"Na sasa wenzi wetu wa ndoa," Barnieh akasema. "Sanatu Iddrisu, mke wa Yaw Barima."

Nikamtazama mume wangu. Nikamsubiri. Wallahi nilikuwa naomba moyoni: sema, Yaw, sema hata kwa kigugumizi.

Yaw akainamisha kichwa. Akatoa leso mfukoni, akajifuta macho, na macho yenyewe makavu.

Hapo ndipo nilipoumia. Ule uongo wa kwanza ningeuelewa. Mwanamume akitamani mwanamke anaweza kutamka lolote. Lakini leso ile sikuielewa, na mpaka leo inaniuma.

Barnieh akainua mkono agonge.

"Nipo," nikasema.

Ukumbi mzima ukageuka. Mama mnene akasogeza kiti chake.

"Samahani, dada," Barnieh akasema. "Wewe ni nani?"

"Sanatu Iddrisu. Mke wa Yaw Barima. Mama yangu anawashukuru waliokwenda Tamale. Maji yamefika, na kitambaa ni kizuri."

Mwanamke mmoja akajitokeza safu ya pili. "Ni yeye. Picha yake iko ukutani kwa mama yake. Niliiombea ile picha."

Dzifa akaondoa mkono kitini taratibu.

"Yaw," akasema, "uliniambia ulimshika mkono mpaka akakata roho."

"Dzifa, subiri. Sanatu, naomba tutoke nje, nitakueleza."

"Eleza hapa," nikasema. "Hawa ndio waliokulilia."

Yaw akatazama huku na huku. Halafu akasema maneno ambayo naamini hata yeye akiyakumbuka anaona aibu:

"Nilimwambia Dzifa peke yake. Sikujua watafika mpaka Tamale."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Watu hawa wamezikiana wazazi tangu wakiwa vijana, wamesafiri usiku na mvua kwenda misibani, na Yaw alikuwa hakosi safari hata moja. Alidhani kifo cha mkewe ndicho watakachokiacha kipite.

Dzifa akachukua mkoba wake, akaja mpaka nilipo. 

"Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia. Nilitaka wamfariji, kwa sababu mimi nilipofiwa walinifariji."

"Wewe ulifiwa kweli," nikamwambia. "Hukunikosea."

Akatoka, wanawake wawili wakamfuata. Yaw hakumwangalia. Alikuwa anakuja kwangu katikati ya viti, shati lake lile nililolipiga pasi limelowa jasho.

"Twende nyumbani, mke wangu. Nilipotea. Nakupenda wewe."

"Nilikusubiri useme hilo, Yaw. Jina langu lilipoitwa, nilikusubiri."

"Nilishikwa na aibu mbele ya watu."

"Na mimi je?"

 Barnieh akaanza kusema mambo ya ndoa yanazungumzwa nyumbani, mbele ya wazee, watu wakiwa wametulia. Sauti yake ilikuwa ya upole. Ni mtu mzuri, nadhani.

"Kaka Barnieh," nikasema, "kengele yako hujaigonga."

"Dada, lakini wewe uko hai."

"Mimi niko hai. Mke wa Yaw ndiye aliyekufa. Gonga."

Akamtazama Yaw, akanitazama mimi. Watu wote bado walikuwa wamesimama.

Akagonga, mara moja. Nikajitanda mtandio wangu vizuri, nikatoka nje kumpigia mama.