Chachu ya Dirishani

Mshonaji aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani, akatega sikio. Kushoto kwake alilala mtoto. Juu yake, kwenye kizingiti cha dirisha, ilikaa chupa ya chachu. Bup, ikasema chupa. Mtoto akashusha pumzi. Bup. Mtoto akashusha pumzi. Akahesabu hadi ishirini, na mara zote ishirini hakuna aliyemtangulia mwenzake.

"Baba mtoto, hebu njoo usikilize chupa yako."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na bia ya nyumbani ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Kwa kawaida, kabla ya kupika pipa zima, alianza na chupa moja: alichemsha maji ya kimea, akayapoza, akatia hamira kiasi cha kijiko, akafunika, kisha akaitikisa kila alipopita hadi hamira izaane iwe jeshi. Safari hii hamira ilikuwa imemwishia. Kwa ubahili akaiacha chupa wazi siku tatu pale dirishani, inase chachu ya hewani, na kila jioni aliichombeza kwa utani: "Uliye huko nje, pita ndani, chumba ni chako."

Sasa aliinama, akasikiliza, akacheka. "Mwanangu kapata pacha."

"Mimi sicheki. Na hiyo harufu?"

Alinusa. Chachu nzuri hunuka mkate, au ndizi iliyoiva. Hii ilinuka utosi wa mtoto.

"Maziwa yako hayo," alisema, lakini alitoka haraka kuliko alivyoingia.

Kesho yake, jua likiwa utosini na mtaa mzima kimya, chupa ilianza kuchelewa. Bup, kisha kimya kirefu, kisha bup nyingine iliyochoka, na mshonaji alipogeuka akaona kifua cha mtoto kimesimama, midomo imekuwa kama wino, na mikono yake mwenyewe, kabla akili haijaifikia, ikachota sukari na kuimimina chupani, nusu ikimwagika sakafuni, akatikisa, akatikisa, hadi povu likapanda na mtoto akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Tangu hapo iliomba sukari kila baada ya saa mbili, kwanza kijiko, halafu kikombe. Fundi alijaribu kuimwaga. Alipoinamisha tu shingo ya chupa, mtoto alikabwa.

Ndipo wakamwita mganga, bibi mfupi asiyependa kukaa. Hakuigusa chupa. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani alimkaribisha?"

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi. Nilikuwa natania."

"Wao hawajui utani. Mkimtupa, ataondoka na pumzi aliyoishika. Lazima ahamishwe, na anahamishwa na aliyemwita. Nyie wa bia, mnahamishaje?"

Mshonaji alijibu kwa niaba yake. "Anaivuta bia kwa mdomo, kwa mpira mwembamba. Kila siku namwambia anaitia bia mate."

"Leo avute. Kikigusa ulimi, baba, tema kwenye ndoo hii ya maji ya chumvi. Usimeze hata tone."

Fundi alichovya mpira chupani, akavuta. Kitu cheupe kama usaha kilipanda polepole, kikapita mkunjo, kikafika kwenye meno. Akatema. Maji ya chumvi yakachemka bila moto, yakatulia. Mtoto alipiga chafya, akalia kilio kikubwa cha hasira, kilio chake mwenyewe, na mshonaji akamkumbatia huku machozi yakimtiririka. Chupa ilikuwa imenyamaza.

"Hukumeza?" mganga aliuliza.

"Sikumeza, bibi."

Mshonaji aliinamia mtoto. Alikuwa amekiona kikoromeo cha mumewe kikishuka mara moja tu, kwa mazoea ya miaka mingi, kwani hakuna mpika bia anayetema funda la kwanza.

Mganga alienda zake. Mtoto alilala, pumzi zake za haraka, za ovyo, za kupendeza. Mshonaji alirudi kwenye cherehani, akakanyaga mara tatu, akasimama.

Mumewe alikuwa mezani, anakula sukari kavu kwa kijiko, bila chai, bila kutafuna. Kwenye kifua chake kitu kilisema bup.

"Mama mtoto," alimwita kwa upole, akikwangua chini ya kopo la sukari, "hii ikiisha, mimi nitapumuaje?"