Nani Ameliosha Buli la Bibi Haslam

Simu ya kwanza haikuwa ya wizi. Bibi Winifred Haslam, mjane wa miaka sabini na tisa wa Mtaa wa Shuttle, Burnley, alipiga kituoni Jumanne asubuhi akasema kuna mtu ameingia nyumbani kwake akamwoshea buli la chai.

Sajenti Tufail aliziba simu kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliporudi hewani akauliza kwa adabu zote kama mhalifu alikunja na nguo. Bibi akamwambia kwamba kama hana mtu mzima pale kituoni, basi aseme, yeye apige mahali pengine.

Inspekta Judith Catterall, meza ya pili, hakucheka. Alizaliwa na kukulia mitaa ile ile. Buli la bibi wa Burnley halisuguliwi ndani. Linasuuzwa kwa maji ya moto, basi. Ule weusi wa miaka thelathini ndio unaokoleza chai. Mtu akiligusa kwa sabuni, hapo ni ugomvi wa ukoo mzima.

"Chukua funguo za gari," alimwambia sajenti.

"Afande, tunakwenda kwa ajili ya buli?"

"Tunakwenda."

Bibi Haslam alikuwa amesimama jikoni kalikumbatia buli lake la udongo kama mtoto mgonjwa. Alilifunua. Ndani lilikuwa jeupe pe. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, akaeleza, na kanisa liliwapeleka wazee wote wa mtaa Blackpool kwa basi. Aliondoka saa mbili, akaliacha buli mezani na chai iliyopoa. Aliporudi jioni alikuwa hoi, akalala. Asubuhi ndipo akaona.

Televisheni ilikuwapo. Pete ya ndoa ilikuwa pale pale kwenye kisahani cha dirishani. Mlango haukuvunjwa, ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua, na kanisa zima lilijua ulipo. Mezani, kitambaa kilikuwa na unyevunyevu upande mmoja. Catterall alikinusa. Chai.

"Nini kingine hakipo, bibi?"

"Hakuna. Nimetazama."

"Tazama tena. Vitu usivyovigusa kila siku."

Bibi akafungua kabati lililo juu ya meza, akapapasa, akatulia. Kisha akavuta kiti akakaa. Mkebe wa biskuti wa Norman haukuwapo.

Hakukuwa na biskuti ndani yake. Kulikuwa na karatasi za marehemu mumewe, na moja kati ya hizo ilikuwa fomu ya mkopo ya mwaka tisini na nane. Hapo Catterall alielewa mara moja, kwa sababu nchi nzima mwaka ule haikuwa na habari nyingine. Kwa miaka mingi mabenki yalikuwa yamewabandikia watu bima ya mkopo. Ukiugua au ukipoteza kazi, bima itakulipia. Maneno matamu. Waliuziwa wasioihitaji, wakauziwa na wale ambao wasingeweza kuidai hata wakivunjika shingo. Sasa mabenki yamebanwa yarudishe fedha za watu, lakini kwa atakayedai kabla ya Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Agosti, kupita. Baada ya hapo, shauri yako.

Leo ni Jumanne, tarehe ishirini na saba.

"Fedha sizitaki sana, mwanangu," bibi alisema. "Nitazitumia wapi? Naitaka ile karatasi."

Akasimulia, na Catterall akaacha kuandika. Norman alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa kujiajiri, hana bosi wala karani. Alikopa benki ili aifanyie ukarabati nyumba yao, akauziwa na bima, akailipia kila mwezi bila kukosa. Mwaka wa tatu akaanguka kutoka kwenye paa, mgongo ukaharibika. Akaenda kudai. Benki ikamwambia bima ile ni ya walioajiriwa tu, na yeye kwenye fomu alisema ameajiriwa na kampuni isiyokuwapo. Ikamwita mwongo kwa maandishi. Nyumba ikauzwa, wakahamia hii ya kupanga. Norman hakumaliza miaka miwili. Na siku ya mazishi mtoto wao wa pekee, Graham, alisema mbele za watu kwamba baba yake aliidanganya benki na uongo wake ndio uliowatoa nyumbani kwao. Tangu siku hiyo Graham yuko Carlisle, na simu yake huja Krismasi.

"Norman aliniambia kabla hajafa, hakuandika kampuni yoyote. Nilimwamini. Lakini fomu sikuwahi kuiona, mpaka Alhamisi iliyopita nilipopata moyo wa kuufungua mkebe. Mwandiko wa jina ni wake. Wa pale kwenye mwajiri si wake. Norman alikuwa akiandika kama kuku. Ule ni mwandiko wa mtu wa ofisi."

"Ulimwambia nani?"

"Lynne tu. Yule wa kanisani anayetujazia fomu. Akafurahi sana. Akaniambia nimpelekee leo."

Mtaalamu wa alama za vidole alikuja mchana akaondoka amekasirika. Ukiacha alama za bibi za asubuhi ile, buli halikuwa na alama hata moja. Tufail, ambaye sasa alikuwa haicheki tena ile simu ya asubuhi, alisema mwizi huyu ni wa ajabu: angechukua mkebe akaenda zake, bibi asingejua mpaka leo mchana, tena angedhani kausahau mahali.

"Alitaka iwe hivyo," Catterall alisema. "Aliponyoosha mkono kabatini akalipindua buli mezani. Chai ikamwagika. Akafuta meza ili pasiwe na dalili. Kisha akaliosha."

"Kwa nini aliingizie sabuni ndani?"

"Ndilo swali hilo, sajenti. Nani mtaa huu mzima anayeweza kufanya vile bila hata kufikiri?"

Walizunguka nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona mtu, kwa sababu wote walikuwa Blackpool. Ila kwa Mzee Ormerod, nyumba ya nne, Catterall alipata kitu ambacho hakukitafuta. Mzee naye aliwahi kukopa benki ile ile aliyokopa Norman, ya barabara kuu, ambayo siku hizi ni duka la kahawa. Naye alibandikwa bima ya kupoteza kazi.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani wakati huo?"

"Kazi gani? Nilikuwa nimestaafu miaka mitano."

Catterall alidhani hakusikia vizuri. Mstaafu kauziwa bima ya kupoteza kazi. Kazi ipi hiyo angeipoteza, ya kulisha paka? Akamuuliza kama alidai.

"Nilimpelekea Lynne karatasi zangu mwezi wa pili. Akaziangalia, akasema pole, hazikidhi masharti. Zikabaki kwake."

Inspekta alitoka nje akasimama barabarani, uso umemwiva. Hata mtoto wa shule asingekataa dai kama lile. Mwenye kulikataa hakuwa mjinga, na Lynne Pilkington hakuwa mjinga. Amewajazia watu fomu mia kadhaa, bure, jioni baada ya jioni, na meya alimpa cheti. Jioni ile Catterall alimpigia dereva wa basi la kanisa, akamwomba orodha ya abiria wa Jumatatu.

Jumatano saa nne walikuwa ukumbi wa kanisa. Lynne Pilkington, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, nywele zimetulia, aliwakaribisha kwa huzuni. Alisema amesikia, maskini Winifred, tena kabla tu ya siku ya mwisho. Akawaandalia chai.

Catterall hakugusa kikombe. Alifunua buli la ukumbi akachungulia. Liling'aa ndani mpaka aliona pua yake mwenyewe.

"Unalisugua na nini?"

"Magadi na brashi ya chupa. Kila siku. Hawa wazee wananilaumu chai haina ladha, lakini mimi siwezi kuona uchafu nikauacha."

Tufail alishusha kikombe chake taratibu.

"Blackpool ilikuwaje?" Catterall aliuliza.

"Upepo, kama kawaida."

"Uliketi na nani kwenye basi?"

"Mbele. Peke yangu."

Catterall akaweka orodha mezani. Kila jina lilikuwa na tiki, na la Pilkington pia. "Hii orodha uliitia tiki wewe. Dereva anasema alihesabu vichwa mara mbili kwa sababu kimoja kilipungua. Ulimwambia aondoke tu."

"Kichwa kiliniuma, nikabaki."

"Mzee Ormerod alikuwa mstaafu alipouziwa bima ya kazi. Kwa nini ulimwambia haikidhi?"

Lynne alikuwa akikitazama kikombe cha sajenti, ambacho kilikuwa kimeacha duara la chai juu ya meza. Mkono wake ukachukua kitambaa ukalifuta. Alipotambua alichokifanya, aliuacha mkono pale pale.

Catterall akampa onyo la kisheria: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema linaweza kuwa ushahidi.

"Kabla ya hapa ulikuwa ukifanya kazi wapi, Bi Pilkington?"

"Benki," alisema. "Ile ya barabara kuu. Miaka kumi na tisa."

Mkebe ulikuwa kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, nyuma ya vile vikubwa vya kwaya. Chini yake palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha karatasi za watu wengine kumi na mmoja, zimepangwa kwa herufi. Bima zote hizo aliziuza yeye, alipokuwa benki. Watu wote wengine aliwasaidia kwa moyo mweupe, wakapata haki yao. Waliokuja na fomu zenye mwandiko wake, aliwaambia hazikidhi.

"Mbona hukuzichoma?" Tufail aliuliza.

Lynne alimshangaa. "Karatasi iliyosainiwa haichomwi. Ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa."

Catterall aliifungua ile ya Norman Haslam. Jina, kwa mwandiko wa kuku. Kazi: kuezeka mapaa. Na kwenye mstari wa mwajiri, kwa mwandiko wa duara, safi, wa mtu wa ofisi: *Haslam na Wenzake*.

"Wenzake gani?" Inspekta aliuliza, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mtu alikuwa peke yake juu ya paa. Wenzake gani, ngazi?"

Ndipo Lynne alipoyamwaga yote. Alisema Norman aliuacha ule mstari wazi, akasaini, akamwuliza kama ni sawa. Akamwambia ni sawa. Mashine haikupitisha bima mpaka mstari ujazwe, na ile ilikuwa Ijumaa, amebakiza bima moja kufikia idadi. Meneja alikuwa na punda wa kitambaa, mdoli wa watoto. Aliyeuza kidogo kuliko wote aliwekewa punda juu ya kaunta wiki nzima, wateja wakiona, wenzake wakimlilia kama punda kila apitapo. Yeye alikaa naye wiki mbili mfululizo. Alikuwa akitapika asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Nikaandika maneno matatu tu," alisema. "Jumatatu yake punda alihamia kwa mwingine."

Catterall aliitazama tena ile fomu. Nyumba ya mtu, mgongo wa mtu, jina la mtu na mtoto wake, kwa ajili ya mdoli wa punda. Alitamani angekuwa amekuta mwizi wa kawaida, aliyeiba kwa tamaa.

"Ulijua alipoanguka?"

"Nilijua. Dai lake lilipita mezani kwangu."

"Na hukusema."

"Sikusema. Baada ya hapo nikaja huku kujaza fomu za watu, nikidhani nitafidia. Lakini Winifred anipende hivi, kisha aje aone mwandiko? Kila Jumapili ananiwekea nafasi karibu yake." Akainua uso. "Mimi utanifunga, inspekta, na ni haki yangu. Aliyeniwekea yule punda amestaafu, yuko Hispania anacheza gofu. Yeye utamfuata lini?"

Catterall alimwambia sajenti amchukue maelezo yake neno kwa neno, na la punda pia, aliandike vizuri.

Mkebe ulikuwa kielelezo, na kielelezo hakitoki stoo ya polisi mpaka kesi iishe. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Catterall alitoa nakala za karatasi zote kumi na mbili, akazigonga muhuri wa kituo, akazizungusha mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mzee Ormerod alituma dai lake saa tano. Madai ya mwisho yalipokelewa saa tisa na nusu, na mtu wa benki kwenye simu akawashukuru kwa uvumilivu wao. Tufail alikata simu ile kwa nguvu mno.

Bibi Haslam aliisoma nakala yake mara mbili. Alipoambiwa aliyeandika ni nani, hakulia wala hakutukana. Alisema alijua kuna kitu. Lynne hakuwahi hata mara moja kumtazama usoni alipomtaja Norman. Akaongeza kwamba kwenye nafasi ile kanisani sasa ataweka mkoba wake.

Akaomba simu. Aliikumbuka namba ya Carlisle bila kuitafuta.

"Graham, ni mama. La, sijambo. Nimeletewa ile fomu ya baba yako. Hakuandika yeye. Aliyeandika amekiri polisi, ninaye inspekta hapa jikoni."

Sauti ya upande wa pili ilisema kitu, ikakatika, ikasema tena. Catterall alisikia swali lenyewe kutoka alipoketi: kwa hiyo hao wenzake walikuwa akina nani?

"Hakukuwa na wenzake, mwanangu," bibi alisema. "Alikuwa baba yako na ngazi yake."

Hakuna aliyekata simu. Bibi alibaki na simu sikioni, na kwa mkono wa pili akamsogezea inspekta kikombe. Chai ya buli lile jeupe haikuwa na ladha yoyote. Catterall aliinywa yote.