Akaunti ya Marehemu

Programu mpya iligoma kuingia tangu saa tatu asubuhi. Fundi wa kompyuta alibadilisha mashine, akaizima na kuiwasha seva, wapi! Kila kioo kilimjibu yale yale: haiwezekani, mtumiaji huyu yuko kazini kwenye mashine nyingine. Mtumiaji mwenyewe alikuwa dada yake fundi, karani wa masijala, aliyezikwa miezi minne iliyopita.

"Jamani, nani ameingia kwa akaunti ya dada?"

Makarani wakatazamana. Wote walikuwa wakiitumia. Kuomba akaunti yako mwenyewe kulitaka fomu tatu na sahihi za wakubwa, na watu wale kwa uvivu Mungu amewajalia. Pasiwedi ya marehemu ilibandikwa ukutani, kila idhini ikapita kwa jina lake. Alikufa akiwa amenyimwa likizo ya ugonjwa. Wakamzika Jumamosi, Jumatatu wakamrudisha kazini. Hawana haya kabisa!

"Leo hajaingia mtu," mpiga chapa akanong'ona. "Tunaogopa. Ukiingia kwa jina lake vidole vinakufa ganzi."

Fundi akaitafuta kwenye mtandao mashine iliyoshikilia akaunti ile. Ilikuwa stoo. Alipofungua mlango harufu ya dawa ya kuchua kifua ikampiga puani, ile aliyokuwa akimpaka dada yake kwa mkono wake mwenyewe, na kule pembeni, juu ya meza iliyovunjika mguu, kompyuta ya marehemu, isiyo na waya wa umeme wala wa mtandao, ilikuwa inawaka, vitufe vikibonyea kimoja kimoja, polepole, huku pumzi ya kukoroma ikipanda na kushuka kwenye kiti kitupu.

"Dada?"

Vitufe vikasimama.

"Nimechoka, mdogo wangu. Hawaniachi nilale. Nitoe."

Fundi alilia palepale kama mtoto. Kisha akaenda kwenye seva, hakumwomba mtu ruhusa, akaifuta akaunti. Harufu ikakatika. Programu ikaingia kwenye kila mashine, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikula akashiba.

Asubuhi mkuu wa ofisi alimpokea mlangoni amefura.

"Nani alikutuma? Idhini zote zilikuwa juu ya jina lake! Kazi ilisimama!"

"Mkuu, yule amekufa. Wapeni watu akaunti zao. Mwacheni apumzike, nawaomba."

"Kufa ni kwake, kazi ni yetu. Nimeshaita fundi mwingine, ameirudisha akaunti ile kutoka kwenye nakala ya akiba."

Fundi akageuka ghafla. Nyuma ya sikio lake mtu alikuwa analia taratibu.

"Nilikuwa nimeshalala," dada akasema. "Usingizi mtamu, mdogo wangu. Nani kaniamsha?"

Mkuu hakusikia kitu. Alikuwa ameinamia kioo, anachekelea.

"Si unaona? Inakwenda."