Treni ya Kumvuta Shangazi

Soko la vyuma chakavu lilifurika, na bomba zuri la shaba lilibaki moja tu. Binti mmoja alilishika huku, mwanamume mmoja akalishika kule.

"Achia, kaka."

"Achia wewe, dada. Nina rejeta ya lori inanisubiri."

"Na mimi nina treni."

Mwanamume akacheka, kisha akamtazama vizuri: ovaroli ya buluu, kitambaa cha maua kichwani, midomo imekolea rangi nyekundu kama anakwenda harusini. Akaachia bomba. Kesho yake alikuwa karakanani kwa binti, kaja kuiona hiyo treni.

Mtaani binti aliitwa Mkerezaji, maana alikuwa anakereza vyuma; mwanamume naye akaitwa Fundi Rejeta. Treni kweli ilikuwapo: kichwa cha mvuke, kimo cha goti, kila gurudumu kalikereza mwenyewe kwa miaka minne. Bomba la moshi kalirefusha kuliko la kwenye mchoro, kwa sababu tu alipenda refu.

Mapenzi yakanoga. Tatizo shangazi yake Mkerezaji, mwenye nyumba na mwenye mdomo.

"Hicho kidude kikinivuta mimi kutoka getini hadi kwenye tangi la maji," alitangaza uani, mbele ya ukoo mzima, "sitakisema tena. Kikishindwa, karakana naipangisha, nawe unaolewa na yule karani niliyekutafutia."

Shangazi hakuwa mtu wa kuvutwa kirahisi.

"Jumapili," Mkerezaji akajibu. "Na uje umeshiba."

Ijumaa Mkerezaji alijaza boila ya shaba ya treni maji baridi, akayasukuma kwa pampu kuijaribu. Kiungo kimoja kikatoa tone. Akatoka mbio kutafuta lehemu ya fedha ya kukiziba. Aliporudi, alimkuta Fundi Rejeta anatabasamu.

"Nimekuzibia, mpenzi."

"Kwa lehemu gani?"

"Hii yangu ya rejeta. Haivuji ng'o!"

"Rejeta haikalii moto! Boila ikichemka, hiyo inayeyuka kama siagi, mvuke unamchoma shangazi makalio! Na lehemu ya fedha haitashika mpaka uchafu wako utoke wote."

"Laazizi, nilitaka kukusaidia."

"Ungeniuliza! Boila yangu, kazi yangu. Toka."

Fundi Rejeta alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, Mkerezaji akapokea.

"Kama unataka kunibembeleza, nakata."

"Nataka kuuliza. Nianze na tupa au msasa?"

"Tupa," akasema Mkerezaji. "Na ukiila shaba yangu hata unywele, sikujui."

"Niko mlangoni."

"Najua. Nimekusikia ukikohoa."

Jumamosi kutwa Fundi Rejeta alikwangua, kapiga magoti, shati lake jeupe limegeuka la kijivu. Mkerezaji akakagua kwa lenzi, akamrudisha kazini mara mbili. Kisha akaunga mwenyewe kwa lehemu ya fedha, akapiga pampu tena. Mshale wa presha ukapanda, ukatulia. Hata tone la jasho halikutoka.

Jumapili reli zilitandikwa kutoka getini hadi tangini, na ua ulijaa hadi watoto wakapanda ukutani. Shangazi alikuja na gauni la zambarau lenye mabega ya kufutuka, akajiweka kwenye kibehewa kilichofungwa nyuma ya treni, mkoba magotini.

"Haya, nichekesheni."

Mkerezaji akafungua mvuke. Magurudumu yakazunguka palepale, yanateleza kwenye reli. Watu wakaangua kicheko. Fundi Rejeta akanyoosha mkono asukume, akausimamisha hewani.

"Mpenzi, reli zina mafuta. Niweke mchanga?"

Mkerezaji akatabasamu.

"Weka. Kidogo."

Mchanga ukanyunyizwa, magurudumu yakang'ata. Treni ikakohoa mara moja, mara mbili, ikaondoka.

"Uwiiii! Nashuka! Nashuka mie!" Shangazi alipiga yowe njia nzima. Hakushuka. Walipofika tangini akafungua mdomo, akakumbuka ahadi yake, akaufunga. Akabaki kumnyooshea Fundi Rejeta kidevu: na huyu?

"Huyu ni mchumba wangu," Mkerezaji akasema, kwa sauti ya kufika ukutani. "Karani mpe salamu zake."

"Tangu lini?" Fundi Rejeta akababaika.

"Tangu uulize kuhusu mchanga. Hutaki?"

"Nani kasema sitaki? Nataka! Jamani, nyie ni mashahidi, nataka!"

Vigelegele vikaanza. Shangazi, mdomo bado kaubana, alikuwa anapigapiga kibehewa kwa kiganja na kuonyesha getini. Arudishwe alikotoka, halafu aletwe tena.