Duka Lililobaki kwa Jina la Kaka

Jumamosi ndiyo siku ya Fundi kulala mpaka jua lipande. Siku nyingine hushona sare za wauguzi kiwandani, katika nchi ya ugenini alikohamia na mke wake. Kazi ni nyingi, lakini mshahara hauchelewi.

Jumamosi hii aliamshwa na simu. Alikuwa mdogo wake, aliyemwachia duka la ushonaji kwao.

"Shikamoo, kaka. Duka limefungwa."

"Marahaba. Limefungwa na nani?"

"Watu wa kodi. Wanasema mwenye duka hajapeleka taarifa ya mapato tangu aondoke."

"Mwenye duka si wewe?"

"Ni wewe, kaka! Leseni ina jina lako, kila kitu kina jina lako. Nikibadilisha, si watu watasema nimekurithi ukiwa hai?"

Fundi aliketi kitandani. Mdogo wake alikuwa amefanya hivyo kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyowatia matatani. Mama yao alikula na kutibiwa kwa duka hilo. Likifa, mama atamtegemea nani?

"Kuna jamaa anasema atayamaliza kwa chai kidogo," mdogo wake aliongeza.

"Asimpe hata chai ya rangi!" mke wa Fundi alidakia kutoka jikoni, maana simu ilikuwa kwenye spika. "Atakula hela, na duka litabaki limefungwa. Mume wangu, panda juu kwa Dada Hesabu."

Dada Hesabu alikaa ghorofa ya juu. Ni karani wa mishahara, naye ametoka nchi moja na Fundi. Fundi alimkuta anakunja nguo.

"Mimi kodi ninalipa!" Fundi alianza kabla hata ya kukaa. "Kila mwezi wanakata hapa kiwandani. Sasa na kwetu wanataka nini?"

"Kaa kwanza, kaka yangu. Ulipoondoka, uliaga nani?"

"Wote. Mpaka muuza mkaa."

"Na ofisi ya kodi?"

"Kuna mtu huaga ofisi ya kodi?"

Dada Hesabu alicheka mpaka soksi zikamponyoka. Kisha akaeleza taratibu.

"Kwa ofisi hiyo bado unaonekana unakaa nyumbani na unaendesha duka. Hawajui kwamba umehama. Mshahara wa hapa umekatwa kodi hapa. Mwombe mwajiri wako uthibitisho. Nchi nyingi zina mapatano ili kipato kimoja kisitozwe kodi mara mbili. Lakini si nchi zote, na msamaha haujileti wenyewe. Lazima uulize na uombe."

"Na duka?"

"Duka liko kwenu, kipato chake ni cha kwenu. Taarifa hupelekwa huko huko, hata ukikaa mwezini. Na mara nyingi hutakiwa hata mwaka ambao huna kodi ya kulipa. Kukaa kimya ndiko kunakoleta faini."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nikiwaambia nimehamia huku, si nitakuwa nimejikana kwetu?"

"Hapana," Dada Hesabu alisema kwa upole. "Hiyo ni habari ya kodi tu. Uraia wako hauguswi. Lakini mimi ni karani tu, na sheria za nchi hazifanani. Waulize wenyewe."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Fundi alipiga simu ofisi ya kodi ya kwao. Ofisa aliyepokea hakumng'ata. Alimsikiliza, kisha akamweleza la kufanya. Fundi alipeleka uthibitisho wa mshahara na tarehe aliyohama. Akamwandikia mdogo wake idhini ya kumwakilisha. Taarifa za nyuma zikapelekwa zote. Faini ilikuwepo, kwani maji yakimwagika hayazoleki, lakini waliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Jamaa wa chai hakuona hata senti.

Mwisho, mdogo wake alisajili duka kwa jina lake mwenyewe. Aligoma kwanza. "Nakuomba mimi kaka yako," Fundi alimwambia, ndipo akakubali. Duka likafunguliwa, na wateja wakarudi na vitambaa vyao.

Jioni ya siku lilipofunguliwa, mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Mdogo wako ameshaanza kushona, mwanangu. Mungu akubariki."

Fundi alifurahi, lakini si kwa moyo wote. Alianza ushonaji katika duka lile akiwa kijana. Sasa halikuwa lake tena.

"Kwa hiyo, mama, huko sina kitu tena."

"Duka huna," mama alisema. "Kwenu unako. Sasa niambie, umekula?"